Barua Niliyoichelewesha

Wenzangu, mtaani kwetu kila mtu ana jina la kupachikwa, na langu mimi ni Mwandishi. Nilipewa jina hilo kijiweni baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 2019, kwa sababu kila nilikokwenda nilikuwa na daftari kubwa kwapani. Ndani ya daftari hilo mna riwaya yangu. Imefika sura ya tisa, ikakwama. Lakini leo sisemi habari za riwaya. Nasema habari za barua ya ukurasa mmoja tu, ambayo sikuiandika kwa wakati.

Tulikuwa na kiwanja. Msidhani nazungumzia nyasi na majukwaa, la hasha! Kilikuwa kiwanja cha vumbi, magoli ya mirunda, na upande wa barabarani mwembe mmoja ambao kivuli chake ndicho kilikuwa jukwaa la wakubwa. Pale ndipo nilipocheza chandimu nikiwa sijui hata kusoma, na pale ndipo timu yetu ya mtaa ilipofanyia mazoezi kila jioni. Mama zetu walijua pa kututafuta jua likizama.

Mwaka 2023 tangazo likabandikwa ukutani kwenye ofisi moja. Lilisema eneo lile limepangiwa matumizi mengine, na mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ndani ya siku 14. Jioni ile ile kapteni wa timu akanifuata nyumbani.

"Mwandishi, hii kazi yako," akaniambia. "Wewe andika, sisi tutasaini wote."

"Usiwe na wasiwasi, kaka. Nitawaandikia barua mpaka walie."

Sikuandika. Nitasema ukweli, maana hapa tunazungumza waandishi kwa waandishi: niliona barua ya ofisini si kazi ya hadhi yangu. Yah: hiki, Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu... Mambo gani hayo! Mimi nilikuwa nimezama kwenye sura ya saba, mhusika wangu mkuu yuko hoi kitandani, nikawa najiambia kesho, kesho. Siku ya 16 ndipo nilipopeleka karatasi yangu. Dada wa mapokezi aliisoma yote, akaitazama kalenda, akanirudishia.

"Umechelewa, mdogo wangu."

Baada ya wiki chache mabati yakasimama kuzunguka kiwanja. Usiku mmoja vijana waliyarushia mawe, sauti yake ikasikika mpaka kwetu. Polisi wakaja, watu wakakimbia, hadithi ikaishia hapo. Kapteni hakunisema. Aliacha tu kuniita Mwandishi, akawa ananiita kwa jina langu la shule.

Sasa, kuna mzee mmoja, baharia mstaafu, hupenda kukaa nyuma kabisa kwenye kibanda umiza tunapotazama ligi ya Uingereza. Siku moja wakati wa mapumziko tukaanza tena kulalamika juu ya kiwanja. Mzee akacheka kwa pua.

"Nyie mlirusha mawe," akasema. "Charlton walipiga kura."

Tukamwona kachanganyikiwa. Basi akatuhadithia. Mimi nikarudi nyumbani na kuyatafuta yale maneno kwa simu, mshipa baada ya mshipa, nikakuta mzee hakutia chumvi.

Charlton Athletic ni klabu ya kusini mashariki mwa jiji la London. Uwanja wake unaitwa The Valley, yaani Bonde, kwa kuwa ulikuwa shimo la mchanga na chokaa. Mwaka 1919 watu wa kujitolea walishika sepetu wakalichimba na kulisawazisha, na udongo waliotoa ukawa kingo za kusimamia watazamaji. Mwaka 1938 uwanja huo uliwahi kuingiza watu 75,031 kwa mechi moja. Lakini katika miaka ya 1980 klabu iliishiwa fedha, na ardhi ya uwanja haikuwa tena mali ya klabu. Mwaka 1985, baada ya moto wa uwanja wa Bradford kuua watu 56, masharti ya usalama yakakazwa kote nchini, na jukwaa kubwa la upande wa mashariki la The Valley likafungwa. Mwezi Septemba mwaka huo mashabiki walifika kwenye mechi wakapewa kikaratasi: tunahama. Tangu hapo timu yao ikawa inachezea Selhurst Park, nyumbani kwa Crystal Palace.

Jambo lililoniuma ni kwamba huko ugenini timu ilifanya vizuri. Mwaka 1986 ilipanda hadi daraja la kwanza, daraja la juu kabisa la wakati ule. Mtu angeweza kusema, si mnashinda, mnalilia nini? Ila wao walikuwa wanalilia kwao.

Mwaka 1988 mashabiki walianzisha kijarida chao, Voice of The Valley. Wenzangu, hapo nilisimama nikasoma mara mbili. Kijarida! Kitu kidogo kama hiki mnachokishika, cha watu wasiokuwa na cheo chochote. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali lile lile kila toleo: tunarudi lini? Klabu ikaupata tena uwanja. Mwaka 1989 mashabiki wakaingia wenyewe kufyeka magugu na kuchoma takataka. Wakadhani wamefika. Kumbe kibali cha kuujenga upya kilikuwa mikononi mwa baraza la wilaya ya Greenwich, na Januari 1990 madiwani wakakataa.

Hapa ndipo sisi tungeokota mawe. Wao walikwenda kusoma sheria ya uchaguzi. Waliona kwamba mwezi Mei kuna uchaguzi wa madiwani, na kwamba wakati ule mgombea alihitaji wapiga kura kumi tu wa kata yake kumdhamini kwa saini. Wakaunda chama, wakakiita Valley Party. Kilikuwa na ajenda moja tu: kurudi nyumbani. Wakasimamisha wagombea 60. Kata mbili waliziacha, kwa sababu zilikuwa na madiwani waliowaunga mkono. Piga hesabu: wagombea 60, kila mmoja saini kumi, ni saini 600 za kukusanywa kabla hata ya kampeni kuanza. Miongoni mwao alikuwamo mtu wa kazi ya matangazo ya biashara, akabuni mabango makubwa ya barabarani. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho.

Matokeo? Walishindwa. Hawakupata kiti hata kimoja. Lakini walipata kura 14,838, karibu asilimia 11 ya kura zote, na mwenyekiti wa kamati ya mipango miji akaangushwa katika kata yake. Chama tawala kilibaki madarakani, ila kilikuwa kimekwishahesabiwa zile kura mbele ya macho yake. Aprili 1991 baraza likatoa kibali. Mashabiki wakachanga zaidi ya pauni milioni moja kusaidia ujenzi, na tarehe 5 Desemba 1992 Charlton wakacheza tena The Valley, wakawafunga Portsmouth bao 1-0. Mfungaji Colin Walsh, dakika ya saba.

Nilipomaliza kusoma nilikaa kimya muda mrefu. Nilijitahidi kutafuta udhuru. Nikasema, wale ni Wazungu, nchi yao ina utaratibu. Ni kweli, kwetu mambo ni tofauti. Tanzania mgombea lazima apitie chama cha siasa, na chama hakisajiliwi kwa ajili ya kiwanja kimoja cha mtaa mmoja. Sisi siasa na mpira hukutana wakati wa kampeni, mheshimiwa anapoleta jezi na mipira miwili, tukampigia makofi, tukavaa jezi zake mpaka zikachanika, wala hatumuulizi juu ya hati ya kiwanja tunachozichezea. Hata hivyo udhuru wangu haukufika mbali. Mkutano wa mtaa ni wa kila mkazi mtu mzima, hauhitaji kadi ya chama. Na siku 14 zile tulipewa. Hakuna aliyeninyang'anya kalamu.

Sisemi barua yangu ingekiokoa kiwanja. Pengine ingetupwa kapuni. Lakini mashabiki wa Charlton nao walishindwa uchaguzi, na kushindwa kwao kuliandikwa kwa tarakimu, kukabaki mezani kwa wakubwa. Sisi tulishindwa bila kuacha hata karatasi.

Kuna kiwanja kingine, kidogo, kule bondeni karibu na mfereji. Mvua ikinyesha hakichezeki. Ndicho kilichobaki. Mwezi uliopita tulikwenda mkutano wa mtaa, watu kumi na wawili, nikaandika kila lililosemwa. Tukashauriwa tupeleke ombi la maandishi kwamba eneo lile litambuliwe kuwa la wazi, tukiambatanisha majina ya wakazi. Nikachana kurasa za mwisho za daftari la riwaya, nikachora mistari: jina, nyumba namba, saini. Kuna mama mmoja muuza chapati ambaye hajawahi kutazama mechi maishani, lakini alisaini, akasema wanawe wakicheza pale anawaona.

Nyumba ya kapteni niliiacha iwe ya mwisho. Alisoma ombi lote akiwa amesimama mlangoni, akasaini, akanirudishia kalamu.

"Unapeleka lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili, wakifungua."

"Nipitie," akasema. "Twende wote, Mwandishi."