Matembezi ya Tanga Bandarini Unguja

Wengi wenu hufika Mji Mkongwe wa Unguja pamoja na watoto, na pale Forodhani hamkosi kuitwa na wenye vyombo mwende kutembea baharini. Basi twapenda kuwaeleza jinsi ya kuchagua.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kwenda kisiwa cha Changuu, kilometa 5 na ushei kutoka mjini. Huko liko gereza lililojengwa mwaka 1893, walakini halikutiwa wafungwa, bali likawa mahali pa kuwatenga wasafiri kwa hofu ya maradhi. Tena wako kobe wakubwa, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Safari hii mara nyingi ni ya mashua ya mashine, nayo yafaa asubuhi, maana watoto hawachoki upesi kuwatazama kobe.

Njia ya pili ni jahazi la tanga, wakati wa jioni, likipita polepole mbele ya mji. Upande mmoja mtaona jua likichwa baharini, na upande wa pili Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020.

Lakini kabla ya kuuliza bei, mwulizeni nahodha. Chombo chachukua watu wangapi, na leo wamo wangapi? Kila mtoto analo jaketi la kuokolea la kipimo chake? Tanga na kamba ni nzima? Upepo ukikatika, iko mashine ya kuturudisha? Wazee walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Hatusemi haya ili kuwatia hofu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander, ikienda Pemba, ilizama kwa kupakia kupita kiasi, na watu wengi sana wakafa. Ikiwa meli ilishindwa na uzito, mashua ndogo itawezaje?

Nahodha akiwaambia, “Leo kusi ni kali, njoni kesho,” msimnung'unikie wala msimtafute mwingine. Huyo ndiye wa kusafiri naye. Nanyi walimu, wahesabuni watoto wakipanda, mkawahesabu tena wakishuka. Bei mwaweza kuipunguza kwa maneno; idadi ya watu chomboni isizidi hata mmoja.