Kikombe cha Pili, Saa Kumi Alfajiri

Pendekezo la utafiti wangu lina sentensi inayosema kwamba mtafiti atapima dagaa 200 kila usiku. Ni sentensi nzuri. Iliandikwa mchana, Dar es Salaam, juu ya kiti kisichotikisika, na msimamizi wangu aliipitisha bila kuigusa. Tangu Januari nimekuwa nikihangaika nayo ndani ya mashua inayovua kwa taa, magharibi ya Unguja, mara nyingi tumbo likiwa limegoma.

Mimi ni mtu wa Singida. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nilipokuja kuanza shahada ya kwanza, na mabaharia hawa walilijua hilo kabla sijafungua mdomo, kwa jinsi nilivyopanda chomboni. Wananiita Mwalimu kwa sababu ya daftari. Nahodha namwita Ami, kama wanavyomwita vijana wote pale dikoni.

Kitu cha kwanza kujua ni kwamba uvuvi wa dagaa hauendi kwa kalenda ya chuo. Samaki hawa huvutwa na taa, na taa ina nguvu usiku ukiwa mweusi. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu mwanga wa taa unamezwa, dagaa wanatawanyika, na mashua zinabaki pwani watu wakishona nyavu. Kwa hiyo watu hapa huhesabu kazi kwa giza (wao husema kiza, na mimi sasa naanza kusema hivyo hivyo). Fedha yangu inatosha magiza matatu. Ndani ya kila giza zipo siku ambazo kaskazi inavuma mpaka hakuna anayetoka. Usiku ukishapotea huwezi kuufidia Jumatatu ofisini.

Ndiyo maana nilikuja na mbinu zangu zote. Mwanafunzi wa uzamili wa siku hizi anazijua: zima arifa, funga mlango, gawa kazi katika vipande vya dakika 25 kwa ile saa inayoitwa Pomodoro, neno ambalo kwa Kiitaliano ni nyanya tu. Bwenini mbinu hizo zilinifaa sana, wala sizibezi. Ila zote zinadhani kwamba kazi ipo mbele yako muda wote na adui ni kelele. Kwenye mashua yetu kazi haipo kwa saa tano, halafu inakuja yote ndani ya saa moja.

Inakuwa hivi. Mnatoka jua likizama. Chombo kidogo chenye taa kinatia nanga, taa zinawashwa juu ya maji, na watu wanangoja. Zamani zilikuwa karabai. Sasa wengi wanatumia taa za betri. Mtu mmoja anabaki kutazama maji, rangi yake na vipovu vinavyopanda. Wengine wanalala juu ya nyavu mara moja, kama mtu aliyezimwa kwa swichi. Akitoa ishara, mashua kubwa inazunguka ikimwaga wavu, duara linafungwa, kamba ya chini inavutwa mpaka wavu unakuwa kama mfuko, na hapo kila mkono una kazi. Samaki wakishapanda ndipo zamu yangu inaanza, kwa kawaida kati ya saa nane na saa kumi na moja, wakati ambao mwili wa binadamu uko chini kabisa kwa uchangamfu.

Usiku wa kwanza nilikusudia kuzitumia zile saa za kungoja kusoma makala kwenye simu. Dakika chache tu, Ami akasema kutoka tezini, bila ukali, "Mwalimu, izime hiyo. Unatutia upofu." Ni kweli kabisa: jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu kinaiharibu kazi hiyo kwa sekunde. Bahari nayo ilikuwa na hoja yake. Kichefuchefu huja pale sikio la ndani linaposema unayumba huku macho, yaliyoganda kwenye maandishi madogo, yanasema umetulia. Mchana ungetazama upeo wa macho. Usiku hakuna upeo. Nilichopata ni taa za mjini, mbali upande wa mashariki, na kipande cha tangawizi mbichi shavuni. Vidonge nilivijaribu pia, vikanilaza kama mtoto.

Basi nikawaiga. Katika kungoja nafanya vitu vitatu tu: naziandika karatasi namba za mistari, nachonga penseli (wino huchuruzika kwenye unyevu, penseli haichuruziki), kisha nalala. Kulala kulinitia aibu mwanzoni. Nimelelewa kuamini kwamba anayesinzia kazini ni mvivu. Lakini hata sheria za meli kubwa zinaona usingizi ni sehemu ya kazi: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unadai, kwa hesabu ya mapumziko, angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mkataba huo hauhusu vyombo vya uvuvi, sembuse mashua yetu. Pale nyavu ndizo kitanda na Ami ndiye sheria. Lakini uchovu hauchagui chombo. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipopanda mwamba kule Alaska mwaka 1989, wachunguzi walitaja uchovu na wingi wa kazi wa ofisa aliyekuwa zamu.

Mimi sina mafuta ya kumwaga. Nina milimita. Ila uchovu una njia yake ya kuziharibu, na hapa ndipo nimejifunza jambo ambalo sikulikuta kwenye vitabu vya kujipangia muda. Nilidhani mtu aliyechoka hupima polepole, au hukosea namba. Kumbe mkono uliochoka huchagua. Usiku wa pili niliuona wangu ukimruka dagaa mdogo aliyenata kwenye beseni, ukaenda kwa mwenzake mkubwa, mnene, rahisi kumlaza kwenye ubao. Nikaurudisha. Ukafanya tena. Ukiuachia mpaka alfajiri utapata samaki wako 200, karatasi safi kabisa, na bahari isiyo na watoto wa dagaa.

Nikamwandikia msimamizi kwamba ile 200 tuiache. Sasa nachota kikombe kimoja cha bati katika kapu bila kutazama, namaliza kila aliyemo mpaka yule wa mwisho aliyekatika mkia, ambaye naandika tu kwamba yupo. Kisha kikombe cha pili kutoka kapu jingine. Dagaa wakiwa wadogo vikombe vinabeba wengi, wakiwa wakubwa vinabeba wachache, na mimi sina kauli hapo. Kikombe cha pili ndicho kigumu. Kinaangukia saa kumi, mgongo unauma, na wenzangu wameshaanza kunywa chai.

Aliyeniokoa katika kikombe cha pili ni kijana anayefua maji chomboni, mdogo kuliko wote. Alikuja mwenyewe akachuchumaa. Mimi nasoma ubao, "Sabini na mbili," yeye anarudia, "Sabini na mbili," ndipo naandika. Kwenye meli kubwa mshika usukani hurudia amri kwa sauti kabla ya kuitekeleza. Sisi hatukuwa tumesoma popote, tulianza kwa sababu injini ina kelele. Nikisinzia, ukimya wake unaniamsha. Akisinzia yeye, namba hairudi.

Visikilizi vya masikioni navyo vilikwisha mapema. Nilivivaa ili niwe peke yangu na ubao. Ami akagusa sikio lake: "Hayo ni ya chombo." Kamba iliyokazwa na wavu uliojaa ikiponyoka, onyo lako ni neno moja tu la mtu mwingine. Aliyezama sana katika kazi yake ni hatari pale, kwake na kwa wenzake. Kwa hiyo namakinika nusu, kama wao, sikio moja nje, na ajabu ni kwamba nusu hiyo inatosha.

Giza lililopita, katikati ya kikombe cha pili, yule kijana hakurudia namba. Akauliza, "Mwalimu, mkishapima ndio mnatufungia?" Alikuwa amesikia habari za Ziwa Tanganyika, lililofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mama yake huchemsha na kuanika dagaa. Shehena ya mzigo wa Unguja huvuka mpaka Kongo. Alikuwa ananisaidia kuandika ushahidi ambao huenda siku moja ukasomwa dhidi ya matundu ya wavu wa mashua yao, na alilijua hilo.

Nilimwambia mimi sifungi wala sifungui, naandika kilichomo kikombeni. Ni jibu la kweli, na ni jibu dogo. Alinitazama kidogo, kisha akanyanyua kidevu kuelekea ubaoni: soma.

Nimemwambia Ami kwamba kabla karatasi hizi hazijafika mbele ya jopo, nitazisoma dikoni, wakati wa mbalamwezi, watu wakiwepo. Amekubali, ila nije na kahawa. Yule mdogo anasema yeye hana haja ya kusomewa. Namba zote ameshazisema mwenyewe.