Paka wa Nchi ya Theluji

Maine ni jimbo lililo pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, mpakani na Kanada. Misitu imefunika sehemu kubwa ya ardhi yake, na pwani yake ya miamba hupigwa na mawimbi ya Bahari ya Atlantiki. Majira ya baridi huko ni marefu, na theluji hulala juu ya mapaa kwa miezi. Hiyo ndiyo asili ya paka wa manyoya marefu aitwaye Maine Coon, ambaye mwaka 1985 alitangazwa kuwa paka rasmi wa jimbo.

Wako wasimuliao kwamba paka huyo alitokana na paka na rakuni, mnyama wa mwituni mwenye mkia wa miraba. Hiyo ni hadithi tu, maana wanyama hao hawazaliani. Lililo karibu na kweli ni kwamba mabaharia walileta paka wa manyoya marefu merikebuni, nao wakazaana na paka wa bandarini. Baridi ikafanya uteuzi wake: dhaifu wakafa, wenye manyoya mazito wakasalia, wakawa watumishi wa ghalani wa kukamata panya. Mwezi Mei 1895 mmoja wao, aitwaye Cosey, alishinda katika maonyesho makubwa ya paka yaliyofanyika Madison Square Garden, mjini New York.

Siku hizi dume huweza kufikia kilo 8. Manyoya humwota hata katikati ya vidole, na alalapo hujifunika mkia wake kama blanketi. Mgeni aingiapo nyumbani kwa mfugaji na kuwaona watoto wa paka wakicheza, moyo humtoka papo hapo.

Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukoo huo una maradhi ya moyo ya kurithi: misuli ya moyo hunenepa, na paka aonekanaye mzima huweza kuanguka ghafla akafa. Mwaka 2005 wataalamu waligundua kasoro moja ya urithi iletayo maradhi hayo, nayo hupimwa katika damu. Kwa kuwa kasoro hiyo siyo chanzo pekee, wafugaji waangalifu huwapima wazazi moyo pia, kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hatangulizi macho. Kwanza huomba vyeti vya vipimo vya wazazi. Kisha humtazama mama na usafi wa nyumba. Ndipo huchagua mtoto mchangamfu, mwenye macho makavu na masikio safi, asiyewaogopa watu. Wala hamchukui kabla hajatimiza majuma 12 na kuchanjwa.

Mfugaji mwema naye huuliza maswali: nani atamchana paka kila juma? Familia ikihamishwa kikazi, paka ataachiwa nani? Swali hilo lina uzito kwa nyumba ya askari, kwani paka huyo huweza kuishi zaidi ya miaka 12. Wengi huandikiana mkataba kwamba mnunuzi akishindwa, atamrudisha paka kwa mfugaji, hatamtupa.

Muuzaji asiyeuliza lolote ila fedha, heri kumwacha na kurudi nyumbani mikono mitupu.