Wachawi Vijana wa Uingereza



Najua tuhuma ya uchawi kwetu nyumbani imewaua vikongwe wa Shinyanga kwa macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa kuni. Huku Uingereza kuna vijana wanaojitaja wenyewe kuwa wachawi, tena mchana kweupe, wala hawamrogi mtu. Ni wafuasi wa Wika, dini ya kipagani yenye mungu wa kike na wa kiume, na sikukuu nane zinazofuata majira ya mwaka. Sensa ya 2021 ilihesabu wafuasi wake wapatao 13,000 katika England na Wales.

Linaloniuma ni jinsi wakubwa wa imani hiyo wanavyowapokea. Binti akisema ni mchawi, anaambiwa kayatoa mambo hayo kwenye sinema. Filamu ya The Craft, ya wasichana wachawi, ilitoka mwaka 1996, na shutuma hiyo haijafa hadi leo. Sasa imewageukia wanaojifunza kupitia TikTok. Makundi mengi hayampokei mtu kabla ya miaka 18. Hilo ni la busara, mtoto alindwe. Lakini kumwambia asubiri si sawa na kumwita mwongo.

Na huo ukongwe wa imani ambao wakubwa hao wanajivunia uko wapi? Gerald Gardner, mwanzilishi wa Wika na mstaafu wa forodha ya Malaya, alitoa kitabu chake kuhusu imani hiyo mwaka 1954, miaka mitatu baada ya sheria ya uchawi ya 1735 kufutwa. Alidai kwamba aliingizwa mwaka 1939 katika kundi lililorithi imani ya kale. Mwanahistoria Ronald Hutton ameonyesha kuwa dini hii, kama tunavyoijua, ilijengwa karne ya 20. Doreen Valiente, aliyeingia mwaka 1953, aliandika upya sehemu kubwa ya maneno ya ibada zake. Dini hii ni changa kuliko bibi zetu wengi, na sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kumdai kijana nasaba ambayo mwanzilishi mwenyewe hakuweza kuithibitisha.

Binti wa jirani yangu ana daftari analoandika kwa mkono: mwezi ulivyokuwa, mimea aliyochuma, dua alizoomba, na zile ambazo hazikujibiwa. Juni alipanda kilima kulipokea jua la siku ndefu kuliko zote, ambalo huku huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Machi atatimiza miaka 18, na ataliomba kundi lililomkataa limpokee. Natumaini watalisoma daftari lake kwanza.