Kamera ya Safari ya Kisiwani

Mwalimu akijaaliwa kuweka akiba hata akaweza kuipeleka familia yake kisiwani wakati wa likizo, swali la kamera humjia mapema kuliko hata lile la malazi. Sisi wa bara ya Uganda huihesabu safari ya Unguja kuwa ya mara moja maishani, na kwa hiyo twachelea kurudi na picha hafifu. Hofu hiyo ndiyo mtaji wa wauza kamera.

Katika duka moja la Kampala tulionyeshwa kamera kubwa yenye lenzi tatu, moja ndefu kama mchi. Tulipopiga hesabu, tuliona kwamba bei ya lenzi ile ndefu peke yake ingetosha kumlipia mama yetu mzazi nauli ya basi hadi Dar es Salaam na ya boti hadi Unguja, kwenda na kurudi. Mama ametimiza miaka sabini na ushei, na bahari alikuwa ameisikia nyimboni tu. Lenzi hatukuinunua.

Wala si huruma tu iliyotuongoza. Lenzi ndefu hufaa kwa simba wa mbali, na Unguja haina simba. Kima punju wa msitu wa Jozani wamewazoea watu mno, hata askari wa msitu ndio huwaonya wageni wasiwakaribie. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mtu hawezi kurudi nyuma hatua nne asigonge ukuta. Panatakiwa lenzi pana, ya milimita 24 hivi. Tulichagua kamera ndogo isiyoingia maji, iwezayo kuzama mita 15, ambayo lenzi yake huanzia upana huo na kufika milimita 100. Watoto waliishika bila sisi kupiga kelele, na jambo hilo lina faida ya pili: katika albamu zetu za nyuma mama watoto haonekani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mpiga picha daima.

Simu je? Ni nzuri, hasa jioni. Lakini yabeba fedha zetu na anwani za jamaa wote, na kuitumbukiza baharini ni kutumbukiza nyumba nzima.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni nyuso zetu. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hutafuta wastani. Mchanga wa Paje ni mweupe mithili ya unga, na maji na anga navyo vyang'aa. Basi kamera hudhani mwanga umezidi, ikajipunguzia, nasi weusi tukageuka vivuli vyenye meno. Hata enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na sisi tukaachiwa bahati. Kwa hiyo mnunuzi na aulize dukani: kitufe cha kuongeza mwanga ki wapi, na je, taa yake huweza kuwashwa mchana wa jua kali? Ikiwa muuzaji hajui, aende duka jingine. Asubuhi kabla ya saa tatu, na alasiri baada ya saa kumi, shida hiyo hupungua yenyewe.

Chumvi ni adui wa kila chombo. Kila jioni kamera yetu ilioshwa kwa maji baridi na kufutwa kwa kitambaa laini. Anayelala penye kiyoyozi aiache mkobani nusu saa kabla ya kuitoa nje, la sivyo kioo kitafunikwa na ukungu. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Huko Jambiani tulifika wakati wa bamvua, bahari ikapwa hadi karibu na mwamba, na wanawake wakashuka kuvuna mwani, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989. Lugha yetu husema picha hupigwa, na apigwaye ana haki ya kuulizwa kwanza. Tuliamkia, tukaomba. Wawili walikubali, wa tatu alikataa, akaendelea na kazi yake, nasi tukaiteremsha kamera.

Mama naye hakutaka kupigwa. Aliitaka kamera aishike mwenyewe, akasimama maji yakimfika magotini, akabonyeza mara tatu. Picha zote tatu ni za maji matupu, na upeo umelala upande. Ndizo alizotuagiza tumchapishie, kubwa, za kutundika ukutani.