Mombasa, Mji wa Leso na Sketi ya Kaskazi

Mgeni aingiaye Mombasa kutoka bara, awe amekuja kwa basi au kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 na kukomea Miritini, hutambua kabla hajaiona bahari kwamba nguo alizozivaa ni nzito kupita kiasi. Kati ya Desemba na Machi upepo wa kaskazi huvuma pwani yote, na joto la mchana hupita nyuzi 30 za selsiasi. Lakini mtesaji mkubwa si jua, bali ni unyevu wa hewa. Jasho halikauki, na sketi ya teteroni iliyokuwa nadhifu asubuhi ya baridi kule Nairobi au Kabale hugandamana na mapaja kama karatasi iliyoloa maji.

Wanawake wa Mombasa wamelijua jambo hili tangu zamani, na jibu lao ni pamba. Pamba huyanywa majimaji ya mwili na kuyatoa nje yakauke. Nguo iliyoshonwa kwa upana wake huacha hewa ipite kati ya kitambaa na ngozi. Basi mwanamke aliyefika huko kumtembelea mumewe aliye safarini, au askari wa kike aliye likizoni, hana haja ya kununua nguo iliyokwisha kushonwa. Akiwa na sindano, uzi na nusu siku ya nafasi, mji wenyewe utampa yaliyobaki.

Mahali pa kwenda ni Biashara Street, mtaa uliochepuka kutoka Barabara ya Digo, si mbali na soko la Marikiti. Maduka yake ni membamba na yenye kina. Ndani, leso zimekunjwa na kupangwa rafuni hadi darini; nje, zimetundikwa juu ya milango, nyekundu, njano, nyeusi na samawati, hata mpita njia hupita chini ya vitambaa kama apitaye chini ya miti. Neno leso ndilo litumiwalo na watu wa Mombasa. Huko Tanzania na kwingineko nguo hiyo huitwa khanga. Penye vizingiti vya maduka wameketi mafundi na vyerehani vyao. Kazi yao kubwa ni kutenganisha doti, yaani jozi ya leso iuzwayo ikiwa kipande kimoja kisichokatwa, na kupinda ncha zake. Mteja hungoja akiwa amesimama, na kazi huisha kabla hajamaliza kuulizia bei ya duka la pili.

Mtaa huo una historia ndefu. Biashara ya leso ya Kaderdina Hajee Essak ilianza Mombasa mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" imechapwa kwenye leso zisizohesabika. Kabla ya hapo wanawake wa pwani walivaa marekani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Wamarekani, na kaniki iliyopakwa rangi nyeusi ya nili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara ile ya marekani, na wenye kuuza nguo wakageukia vitambaa vya kwingine.

Asili ya leso yenyewe husimuliwa hivi: wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkono vya rangi, ambavyo Wareno waliviita lenço, vikiwa bado havijakatwa kutoka katika jora. Walichukua sita, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakaviunga ubavu kwa ubavu hata vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inapendwa, wakaagiza ichapwe nzima. Kwa masimulizi haya, leso haikubuniwa na mwenye kiwanda. Ilizaliwa na sindano ya mwanamke aliyetaka nguo isiyouzwa dukani, na ashonaye sketi yake mwenyewe leo anaifuata njia hiyo hiyo.

KUKICHAGUA KITAMBAA

Kosa lifanywalo na wengi ni kuanza na mshono. Mtu ameona sketi katika picha, akaishikilia moyoni, kisha akatafuta kitambaa cha kuilazimisha. Mafundi wa pwani huanza upande wa pili: huishika nguo, huikunja, huitazama mwangani, ndipo waseme itakuwa sketi ya namna gani.

Leso nzuri ni ya pamba tupu. Siku hizi ziko nyingi zilizochanganywa nyuzi za plastiki. Hung'aa zaidi na hazijikunji, lakini wakati wa kaskazi humchoma mvaaji. Namna ya kuzipambanua ni rahisi. Nyuzi mbili tatu huchomolewa katika ncha, hushikwa kwa koleo juu ya sahani, na kuwashwa kwa kiberiti mbali na vitambaa vingine. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi iunguayo, na huacha majivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka, hujikunyata, na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Jaribio la pili ni la rangi. Kitambaa cheupe kilicholowa husuguliwa juu ya sehemu nyeusi au nyekundu ya leso. Rangi ikitoka kidogo, si ajabu kwa nguo mpya. Ikitoka nyingi, nguo hiyo itaziharibu nguo za wenziwe katika beseni. La tatu ni la mwanga: leso huinuliwa kuelekea jua, na vidole vikionekana waziwazi upande wa pili, mshonaji ajue kwamba atahitaji gaguro ndani, na gaguro ni joto jingine.

Kitenge huwa kizito zaidi ya leso, na michoro yake hujirudia kote bila pindo la pande nne. Kwa hiyo hukatwa bila majuto, nacho hufaa sketi ya vipande au ya marinda ya kupigwa pasi. Sketi ya mwavuli iliyo duara kamili hupendeza pia, lakini hula kitambaa: kwa kiuno cha sentimita 75 na urefu wa sentimita 70, kitenge chenye upana wa sentimita 115 kitahitajika mita 3 na nusu. Kikoi, ambacho wanaume wa pwani hukivaa kiunoni, kimefumwa kwa mistari na ni kinene. Hufaa sketi ya kufunga isiyo na mikunjo mingi, na mistari yake lazima ikutane penye mshono, la sivyo jicho la mtu halitatazama kitu kingine.

LESO ISIYOKATWA

Kwa anayejifunza, leso ndiyo mwalimu mpole kuliko zote. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 150 na upana wake kiasi cha sentimita 110. Ina sehemu tatu: pindo, yaani mpaka uizungukao pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Sehemu hizi zimepangwa kwa namna ambayo sketi hupatikana bila mkasi kuingia ndani ya nguo.

Kwanza leso hufuliwa peke yake kwa maji baridi, ili iache wanga wa dukani, itoe rangi iliyozidi, na kama ni ya kurudi ipate kurudi kabla ya kushonwa. Hukaushwa kivulini, hupigwa pasi, kisha hupimwa upya. Halafu mshonaji hupima nyonga zake mahali palipo panene kuliko pote. Leso moja ikishonwa hubakiwa na mzunguko wa sentimita 147. Mwenye nyonga za sentimita 100 atapata sentimita 47 za mikunjo, nazo zatosha kwa hatua za kawaida. Mwenye nyonga zinazozidi sentimita 120 na aunge leso zote mbili za doti. Asijinyime, kwa kuwa sketi ibanayo wakati wa joto ni adhabu.

Mshono mkubwa ni mmoja tu, nao huunga zile ncha mbili fupi. Ncha hizo hufumuka, kwa hiyo hufaa mshono wa kujificha. Pande za ndani za nguo hukutanishwa kwanza na kushonwa nusu sentimita kutoka ukingoni. Nguo hugeuzwa, mshono hupigwa pasi, kisha hushonwa tena sentimita 1 kutoka pale ilipokunjwa. Nyuzi zote zilizolegea hubaki zimefungiwa ndani. Kwa cherehani, sindano namba 14 na hatua ya milimita 2 na nusu hufaa. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, akirudisha sindano nyuma kila hatua. Kazi itachukua jioni mbili badala ya saa moja, lakini haitakuwa dhaifu.

Upindo wa chini hauhitaji kazi yoyote, maana ukingo mrefu wa leso umefumwa kiwandani na haufumuki. Kiunoni hukunjwa sentimita 1, halafu sentimita 3 na nusu, na kushonwa pakiachwa tundu la kupitishia lastiki yenye upana wa sentimita 2 na nusu. Lastiki hukatwa ikiwa fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5 hivi, ncha zake hupandanishwa na kushonwa imara, kisha tundu hufungwa.

Ikiwa sketi ni ndefu mno, ziada haikatwi. Hukunjwa ndani upande wa kiunoni, ikatulia juu ya nyonga kama bitana. Msichana anayekua atafumuliwa kidogo kila mwaka, na sketi itarefuka pamoja naye.

JINA LIKAE WAPI

Palipobaki ni pa kufikiri zaidi kuliko kushona. Jina la leso limeandikwa katikati ya ukingo mrefu. Mshono ukiwekwa nyuma, maneno hutokea mbele, chini ya magoti, na kila mtu anayekuja huyasoma. Mshono ukiwekwa mbele, mapindo mawili ya ncha hukutana na kuwa kama nguzo ya nakshi tangu kiunoni hadi miguuni, na maneno hubaki nyuma, kama yanavyokaa kwa desturi mwanamke ajifungapo leso.

Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikashika nafasi herufi za Kirumi. Mengine ni dua, mengine shukrani kwa mama, mengine methali, na mengine ni vijembe vya kumrushia jirani bila kufungua kinywa. Wauzaji wa Biashara Street huyajua yote, na muuzaji mwema humsomea mteja mgeni kabla ya kupokea fedha. Mwanamke akaaye katika nyumba za kambi, ambako ukuta ni mmoja na bomba la maji ni moja, na asome kwa makini. Leso yenye kijembe hufunguliwa na kufichwa sandukuni. Sketi huvaliwa mchana kutwa, na jirani hataamini kwamba maneno yale yalinunuliwa kwa uzuri wa rangi tu.

FAIDA YA MKASI ULIOTULIA

Pwani ilipata kuwa na viwanda vyake. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilikuwa mashuhuri kwa khanga na vitenge. Leo leso nyingi za madukani huletwa kutoka India. Lakini popote ilipochapwa, leso ya pamba hubaki kuwa nguo yenye kazi nyingi kuliko nyingine yoyote nyumbani. Humpokea mtoto anapozaliwa, humfunga mgongoni mwa mama yake, hutandikwa kitandani, huvaliwa jikoni, na huenda msibani.

Hiyo ndiyo sababu ya kuutuliza mkasi. Familia ya askari au polisi haiwezi kusema mwakani itakuwa wapi. Amri ya uhamisho hufika, vyombo hupakiwa, na jamaa waliozoea joto la ziwani hujikuta milimani kwenye ukungu. Sketi iliyokatwa kwa ajili ya mahali pamoja huwa mzigo mahali pengine. Sketi ya leso nzima hufumuliwa kwa wembe kwa dakika chache: mshono mmoja wa nyuma na mmoja wa kiunoni. Lastiki huhifadhiwa, matundu madogo ya sindano hufifia baada ya kufuliwa, na nguo hurudi kuwa leso, tayari kumbeba mtoto au kumfunika mgonjwa.

Na ile leso ya pili ya doti? Watu wa Mombasa hawaiachi ikakaa bure. Mama huivaa mwenyewe mabegani ikiwa jozi ya sketi yake, au humpa binti yake, au hugawana bei yote na shoga yake tangu dukani, kila mmoja akaondoka na kipande chake. Doti moja imewavika wawili, kwa uzi wa senti chache na jioni moja ya kazi.