Fanani Aliyenijibu kwa Kiswahili: Mawazo Kuhusu Mbinu za Utafiti wa Uzamifu

Mapendekezo ya utafiti wa uzamifu yanayofika mezani pangu aghalabu huwa na sehemu moja tu ya mbinu. Watahiniwa hubadilika na mada hubadilika, lakini sehemu ile ni ile ile: utafiti utakuwa wa kithamano, sampuli itateuliwa kimaksudi, data itakusanywa kwa mahojiano na kinasa sauti, itanukuliwa, itafasiriwa kwa Kiswahili, kisha itachanganuliwa kwa mujibu wa nadharia fulani. Sina ugomvi na maneno hayo moja moja. Ugomvi wangu ni na pengo lililo kati ya "itanukuliwa" na "itachanganuliwa", mahali ambapo lugha ya msimulizi huzikwa bila matanga.

Nazungumzia hasa tasnifu zinazoandikwa katika idara zetu juu ya fasihi simulizi ya jamii ambazo Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Ni nyingi, na sababu inaeleweka. Mtahiniwa aliyezaliwa Meru, Embu au Kisii ana hazina nyumbani kwao, na idara inamtaka aandike kwa Kiswahili. Hadithi husimuliwa kwa Kimeru, mtafiti huifasiri mwenyewe, halafu katika sura ya uchanganuzi mtafiti huyo huyo huchambua takriri, tashbihi na tanakali za sauti zilizomo. Tanakali za nani? Nimewahi kusoma rasimu iliyosifu kwa kurasa mbili ufundi wa fanani katika kutumia tanakali moja ya kuanguka. Nikamwomba mtahiniwa anitajie neno lililotamkwa katika rekodi. Akafikiri kwa muda, kisha akasema kwamba katika rekodi bibi yule alipiga kofi tu.

Nisidhaniwe kuwa nawacheka wanafunzi. Kosa la aina hii nililifanya mimi kabla yao, na nililifanyia Makutano.

Nasema Makutano ya mji wa Meru. Mtafiti aandikaye kwamba "data ilikusanywa Makutano" hajatuambia kitu, kwani iko Makutano nyingine ambako barabara ya Embu huachana na ile iendayo Sagana, na iko nyingine Kapenguria. Jina hilo lilistahili kunizindua mapema. Nilikwenda kutafuta Kimeru nilichokiita "safi" mahali ambapo hata jina lake ni la Kiswahili, palipojengwa na njia na watu wapitao njia.

Bibi niliyeelekezwa kwake alikuwa mwuzaji wa ndizi aliyesifika kwa hadithi. Kimeru nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema, kwa hiyo nilimwamkia kwa Kiswahili na kujieleza kwa Kiswahili. "Haya mwalimu," akasema, "wewe umetoka kwenye Kiswahili, nitakutolea kwa Kiswahili." Akanitolea hadithi ya zimwi. Watoto wa majirani wakasogea. Alipofika penye wimbo akaugeukia umati ule mdogo na kuimba kwa Kimeru, nao wakampokea. Wimbo ulipokwisha akanirudia mimi, akarudi kwenye Kiswahili, akanieleza kwa ufupi kilichoimbwa, tena kwa kicheko, kana kwamba ananihurumia. Hivyo mara tatu.

Jioni ile niliandika daftarini: "Haifai. Imechanganyika." Kesho yake nilirejea na msaidizi, tukamwomba asimulie tena kwa Kimeru kitupu. Alikubali kwa heshima. Watoto walikuwa shuleni. Masimulizi yalikuwa mafupi, na wimbo hakuuimba, aliutaja tu. Hayo ndiyo yaliyoingia katika tasnifu yangu, katika sura iliyohusu, Mungu anisamehe, uhusiano wa fanani na hadhira. Watahini waliniuliza mengi kuhusu nadharia. Hakuna aliyeniuliza juu ya hadhira ya siku ile, wala kwa nini hadithi ya zimwi haina wimbo.

Rekodi niliyoitupa ndiyo iliyokuwa na jibu la swali langu. Fanani alikuwa na hadhira mbili, akazigawia lugha: masimulizi kwa mgeni, wimbo kwa wenyeji. Mimi sikuwa nje ya utendaji ule nikiutazama. Nilikuwa nusu ya sababu yake. Mpango wangu wa utafiti haukuwa na nafasi ya kuliandika jambo hilo, kwa maana ulinitaja mara moja tu, kama mtu atakayebeba kinasa sauti.

Eneo hili la Mlima Kenya limepitiwa na watafiti wengi, na mtahiniwa angefaidika zaidi kwa kuwasoma kama walimu wa mbinu kuliko kuwapanga katika sehemu ya yaliyoandikwa. H. E. Lambert, ambaye sisi wa Kiswahili tunamjua kwa kazi zake juu ya lahaja kama Kivumba na Chichifundi, alikuwa pia afisa wa utawala wa kikoloni Meru katika miaka ya 1930, akiandika juu ya ardhi na mabaraza ya wazee. Mzee anayeulizwa habari za shamba na afisa mwenye mamlaka juu ya shamba hilo hasemi ovyo. Bernardo Bernardi, mwandishi wa The Mugwe (1959), alikuwa padre wa Consolata. Jeffrey Fadiman, aliyechapisha When We Began There Were Witchmen mwaka 1993, alikuja kama mwanahistoria.

Chukua simulizi ya Mbwaa. Wazee wa Meru husimulia kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, kando ya maji, walikoteswa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Wakatoroka usiku, wakavuka maji, wakapanda bara hadi mlimani. Fadiman aliitafuta Mbwaa pwani, na akaiona katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Bernardi alishughulikia simulizi hiyo kwa sababu ya cheo cha Mugwe, kiongozi wa kidini. Msikilizaji aliyelelewa kanisani husikia ndani yake habari za Musa na wana wa Israeli. Mtafiti wa fasihi hawezi kuamua ni nani kati yao aliye sahihi, wala si kazi yake. Lakini lazima aulize: imesimuliwa na nani, kwa nani, kwa lugha gani, na baada ya mahubiri mangapi? Maswali hayo hayajibiwi na sentensi kwamba "sampuli iliteuliwa kimaksudi".

Kuhusu idadi ya wasimulizi nitasema machache. Nikiuliza kwa nini ishirini, huambiwa kwamba tasnifu iliyotangulia ilikuwa na ishirini.

Anayeniridhisha zaidi ni H. S. K. Mwaniki. Alipokwisha kuandika historia ya Embu na Mbeere mwaka 1973, alitoa mwaka uliofuata Embu Historical Texts, mahojiano yake na wazee, hivi kwamba asiyekubaliana naye aweze kumpinga kwa ushahidi alioukusanya yeye mwenyewe. Huko Marekani, Dell Hymes alizirudia matini za Wenyeji wa nchi ile zilizonukuliwa na waliomtangulia katika lugha zao, akaonyesha mistari na beti ambazo tafsiri za nathari zilikuwa zimezifukia. Asingeweza kufanya hivyo kama wanukuzi wale wangehifadhi tafsiri peke yake.

Wenzangu hunijibu kwamba mtahini asiyejua Kimeru hawezi kusahihisha matini ya Kimeru. Ni kweli, na ndiyo sababu tunapendelea isiwepo. Mimi sasa namtaka mtahiniwa aweke matini asilia sambamba na ufasiri wake, achambue mtindo kutokana na ile ya kwanza, na aeleze katika sehemu ya mbinu jinsi yeye mwenyewe alivyosalimia. Idara itafute mtahini wa pili anayeielewa lugha hiyo. Humchelewesha mtahiniwa, nami nimelaumiwa kwa hilo katika kikao zaidi ya kimoja.

Yule wa kofi alirudi nyanjani mwaka uliopita. Kabla hajaondoka nilimkabidhi nakala ya rekodi yangu ya siku ya kwanza, ile iliyochanganyika. Alinipigia simu baada ya wiki mbili kuniambia kwamba nyuma ya wimbo, mtoto mmoja anasikika akimwuliza mwenzake kwa Kimeru huyu mgeni anayeelezwa kila kitu ni nani.